Mkono wa Kushoto wa Keinan

Wageni wakija shuleni kwetu siku hizi hupelekwa kwanza kwenye kabati la vikombe. Mwalimu wa zamu hufungua mlango wa kioo, huwaonyesha ngao na vikombe vya michezo vya enzi za wazungu, kisha husimulia jinsi mtunza stoo aliyeitwa Nunow alivyoviokoa mto Tana ulipofurika mwaka wa sitini na moja. Wageni hutikisa vichwa, hupiga picha, huenda kunywa chai. Mimi nikiwapo hutoka nje mapema. Si kwamba hadithi ni ya uongo. Nunow kweli alipanda juu ya paa la bweni na masanduku yake, akalala huko na vikombe na picha za vioo huku mizoga ya mbuzi ikipita chini yake. Kinachoniudhi ni kwamba wamechukua kipande kitamu cha maisha ya mtu, kilichobaki wakakitupa. Mimi nakijua hicho kilichobaki, na kwa kuwa tunaokijua tumekuwa wachache, acha nikiseme.

Nilipelekwa Garissa kufundisha jiografia mwaka wa sitini na nne, kijana wa Machakos mwenye suti moja na hasira nyingi. Nilikwenda shingo upande. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, magari yalisafiri kwa msafara wenye askari mbele na nyuma, na mama yangu alinilia kana kwamba nimekwisha kufa. Wa kwanza kunisemesha vizuri shuleni alikuwa Nunow, mzee mrefu mkavu mwenye kikoi na funguo kiunoni.

"Karibu, Mwalimu Musembi," aliniambia. "Joto itakuua kidogo, halafu utazoea."

Alikuwa mtu wa Ijara, wa jamii ya wafugaji. Ukame ulimaliza ng'ombe wao, wazazi wakafuata, naye akaupanda mto kwa miguu mpaka Garissa pamoja na dada yake mdogo, Raho. Shule ikamwajiri kuteka maji kwa punda. Mwalimu mkuu wa siku zile, Mzungu aliyependa picha kuliko watu, aliona kwamba mteka maji huyu hafiki jikoni na debe lililopungua, akaamua kumwachia taa yake ya picha.

Taa hiyo sharti niieleze, maana shauri lote limo ndani yake. Lilikuwa sanduku la bati lenye bomba la shaba mbele na karabai ndani. Picha zilikuwa vipande vya kioo, kila kimoja kadiri ya kiganja, kingo zimefungwa kwa karatasi nyeusi. Unakiingiza kioo kichwa chini, kwa sababu taa hupindua kila kitu, na picha inatokea kubwa kwenye shuka jeupe ukutani. Lakini kioo kina pande mbili. Ukikiingiza mgongo mbele, watu watasimama wima vilevile na sura zao zitakuwa zilezile, ila kulia kutakuwa kushoto na kushoto kutakuwa kulia. Ndiyo maana kila kioo kilibandikwa doa jeupe pembeni. Dole gumba la mwendesha taa likikaa juu ya doa hilo, picha hutoka kama dunia ilivyo.

Nunow hakukosea miaka yote ile. Aliwaonyesha watoto wa wafugaji theluji, treni na meli zenye ghorofa. Lakini walichopenda zaidi ni picha za michezo ya shule yao wenyewe, ambazo Mzungu alizipiga kila mwaka na kuzipeleka Nairobi zikafanywe vioo. Walipiga kelele wakijiona ukutani wakubwa kuliko baba zao. Vikombe navyo vilikuwa mikononi mwake, akavisugua kwa jivu na ndimu mpaka unajiona pua. Siku aliponiruhusu kuingia stoo alinipa amri moja tu.

"Usishike katikati, Mwalimu. Fidole yako iko na jasho, na bicha haisahau jasho."

Hakuwa na mtoto. Mkewe alikufa kwa uzazi na kitoto kikaenda naye, na Nunow hakuoa tena. Mapenzi yake yote aliyagawia vijana wawili. Wa kwanza alikuwa Keinan, mwana wa Raho, aliyemwita abti, yaani mjomba. Kwa Wasomali abti si mtu wa kusalimiwa tu, ni mzazi wa pili. Wa pili alikuwa Awil, yatima aliyeletwa shuleni bado mdogo wa kubebwa, akakua akilala kitanda cha pili kutoka cha Keinan. Hao wawili walirusha mkuki wa michezo kuwapita wote mkoani. Keinan alirusha kwa mkono wa kushoto, Awil kwa wa kulia. Mwaka walioshinda kikombe, Mzungu aliwapiga picha wakiwa bega kwa bega, mikuki imeinuliwa tayari kurushwa, kikombe kimewekwa mchangani kati ya miguu yao. Katika sanduku zima Nunow hakuwa na picha aliyoipenda kama ile.

Wala mtu asidhani kwamba mkono wa kushoto wa Keinan ulijulikana mji mzima. Kwa Waislamu mkono huo haupeleki chakula kinywani wala hautolewi kwa salamu, na Raho alimfunza mwanawe mapema, wakati mwingine kwa kofi. Shule ikamfunza kuandika kwa kulia. Basi alikula kwa kulia, akaandika kwa kulia, akatoa na kupokea kwa kulia. Kushoto kulimtoka tu akishika kitu cha kurusha, na kuliona hilo ilibidi uwe umekaa naye uwanjani.

Kabla mwaka wangu wa kwanza haujaisha Keinan akaingia porini na bunduki, kwa shifta, waasi wa Kisomali waliokuwa wakipigana na serikali. Awil akabaki mjini na cherehani yake, kwenye baraza ya duka karibu na soko, akishona kaptula za wanafunzi wetu. Alikuwa amemwoa Jawahir, binti mchangamfu aliyejua Kiswahili kwa kuongea na wateja. Michezo ilikuwa imekwisha kufa kabla sijafika. Nani angetoa msafara wa askari kwa ajili ya watoto wanaokwenda kushindana kuruka? Vikombe vikabaki na majina ya zamani, na Nunow akaendelea kuvisugua.

Kuhusu vita vyenyewe, msinitafute kwenye mabishano ya nani alikuwa na haki. Rafiki yangu wa Kitui alikufa ndani ya lori lililokanyaga bomu la ardhini. Na vilevile niliona vikongwe wakiswagwa pamoja na mbuzi wao kuingizwa ndani ya uzio wa miba, wakiambiwa kwamba hicho sasa ndicho kijiji chao. Raho alikuwa mmoja wao. Alipelekwa huko mwaka wa sitini na sita, mwendo wa nusu siku kutoka mjini, na hata kaka yake hakuweza kumtembelea bila kibali.

Mwaka huohuo alikuja shuleni ofisa wa upelelezi. Alikuwa mtu wa bara kama mimi, mpole wa sauti, mwenye malaria isiyomwacha, na alivaa sweta katika joto la Garissa. Alituita walimu akatuambia anamtafuta kiongozi wa shifta anayejulikana kwa jina la Gurey, neno ambalo kwa Kisomali ni mtu wa mkono wa kushoto. Mateka mmoja alikuwa amesema Gurey alisoma shule hii, kwamba alikuwa mwanamichezo, na kwamba huingia mjini mchana na kutoka kama raia yeyote. Jina lake halisi mateka hakulijua, na hilo si ajabu, maana Wasomali humpa mtu jina la utani likamfuata mpaka kaburini.

"Nimeambiwa mna picha," alisema ofisa.

Nunow alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliyasikia yote. Mwalimu mkuu wetu, aliyekuja baada ya Mzungu, mtu aliyeogopa hata kivuli chake, akamwagiza alete taa palepale.

Kafyu ya kutotoka nje ilianza jua likitua, kwa hiyo hakukuwa na kusubiri giza. Tulifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi ya bweni, tukakaa humo mchana tukitoka jasho, harufu ya mafuta ya taa ikitukaba koo. Nunow akaipiga pampu karabai mpaka ikanguruma. Ikapita timu ya mpira, wakapita wakimbiaji, akapita mruka juu ambaye miguu yake haikuonekana. Ofisa hakutazama nyuso, alitazama mikono. Kisha wakatokea ukutani vijana wawili wenye mikuki, na kikombe kati yao. Nyuma yao palikuwa na vichaka vya miba tu, na miba haina kulia wala kushoto.

Ofisa aliinuka akaenda mpaka kwenye shuka. Aligusa mkono mmoja kwa kidole.

"Huyu wa mkono wa kushoto ni nani?"

"Huyo ni Awil," akasema mwalimu mkuu, haraka, kama mtoto anayejua jibu. "Ni fundi wetu wa nguo. Yuko hapo sokoni."

"Na huyu mwenzake?"

"Simjui. Ni wa zamani."

Huyo mwenzake, aliyeshika mkuki kwa mkono wa kulia, ofisa hakuwa na haja naye. Nilimgeukia Nunow. Alikuwa ameinama nyuma ya taa, mkono mmoja juu ya bati la moto, na hakuuondoa. Nilidhani ni uchungu wa kumwona Awil ametajwa. Mimi sikujua lolote la mikuki yao. Nilifika michezo ikiwa imekwisha.

Awil alikamatwa mchana huohuo, tepe ya kupimia ikiwa shingoni. Watu waliokuwa sokoni walisema aliomba aachwe amalizie mkono wa shati la mtu, wakamkatalia.

Kesho yake Jawahir alikuja stoo. Nilikuwa pale nikitafuta ramani. Hakukaa, hakusalimia kwa urefu kama ilivyo desturi yao.

"Adeer," alimwambia Nunow, kwa neno la heshima wanalomwita mzee, "Awil nakula mkono ya kulia. Nakata kitambaa mkono ya kulia. Wewe ndiyo nabeleka yeye uwanja, wewe najua. Mwalimu najua nini? Wewe enda, sema."

"Nitaenda, mwanangu," alisema Nunow. Sauti yake ilikuwa chini sana.

Alikwenda kweli, nami nikamsindikiza. Mbele ya ofisa alisema kwamba Awil si wa kushoto, kwamba amemjua tangu utoto. Ofisa alimsikiliza kwa adabu huku akitetemeka homa.

"Mzee, ninyi nyote mnakula kwa kulia, ni dini yenu," akamjibu. "Makasi yote yametengenezewa kulia. Mtu anayejua anatafutwa kwa mkono wake atauficha. Mkuki tu ndio haudanganyi, na mkuki nimeuona."

Nilitegemea Nunow abishe. Hakubisha. Tulirudi, na njiani alijikwaa mara kwa mara kama mlevi.

Mjini Awil alikuwa na marafiki wengi, lakini hakuna mwingine aliyethubutu kwenda ofisi ile. Jawahir alilijua hilo. Tangu siku hiyo akawa analeta kibuyu cha maziwa kila asubuhi, anakiweka mlangoni pa stoo na kumwombea Nunow dua kwa sauti. Nunow hakuyagusa. Alinipa mimi, nami nikayanywa, nikafurahi, nikamwambia maziwa ya mji huu hayana mfano. Akaanza kukonda. Vikombe vikapata vumbi. Siku moja nikamkuta ameketi sakafuni na sanduku la vioo mapajani, nikamwuliza kama ni malaria.

Alitoa kioo kimoja akakiweka mkononi mwangu, hakunikanya kuhusu jasho. Akakielekeza kwenye mwanga wa mlango. Niliwaona wale vijana wawili, wadogo kama vidole. Kisha akaushika mkono wangu akaugeuza, na mikuki yote miwili ikahama mikono.

"Mimi nageuza, Mwalimu," alisema. "Siku ile. Doa iko ubande ingine, na mimi najua."

Nilichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilimpigia kelele. Nilimwambia amemwuza Awil, amemtoa mtoto wa watu kafara. Ninayakumbuka maneno yangu na sioni kwamba yalikuwa makali kupita kiasi.

"Mimi nauza hakuna mtu!" akasema, na machozi yakamtoka. "Naficha mtoto ya Raho. Gurey ni Keinan. Nasikia ofisa nasema kushoto, kushoto, mimi nafikiri Keinan beke yake. Nafikiri nikigeuza, mkono yake inakuwa ya kulia, basi, imekwisha, nafunika uso yake. Wallahi, Mwalimu, Awil nasahau. Iko mbele yangu kwa hiyo bicha kila mwaka, halafu dakika ile nasahau iko. Mbaka naona bwana mkubwa nashika mkono yake ukutani."

Hapo hasira ikaniisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Damu ni nzito kuliko maji, tunasema, na tunasema kwa kujivunia. Mzee huyu aliwapenda wawili sawasawa mchana na usiku kwa miaka, na wakati wa kuchagua mkono wake ulichagua bila kumwuliza, akasahau kwamba kuna wa pili.

Nilimwambia aende kwa ofisa sasa hivi, aseme kweli. Akakataa. Si kwamba alikataa kabisa, ila alitaka kwanza aende kwa Raho.

"Nikisema, Keinan nabata uso. Leo wao hawana uso yake, wana jina ya utani tu. Mtoto ni ya Raho. Siwezi kutoa mtoto ya mtu kwa mgongo yake."

"Na Awil?"

"Awil nangoja," alisema, akajifunika uso kwa kikoi.

Nilibishana naye, nikachoka. Mtu akiwa na desturi yake huwezi kumvua kama koti. Nikaenda kumwombea kibali cha kuingia kile kijiji cha uzio. Walikataa kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya, wakakataa tena kwa sababu njia ilikuwa na mabomu, na mwishowe karani mmoja wa Meru aliyechoka kuniona akagonga muhuri. Muda wote huo maziwa yaliendelea kuja mlangoni. Niliacha kuyanywa. Tuliyamwaga nyuma ya jikoni tukitazama pembeni kwa aibu.

Yaliyotokea kwa Raho nilisimuliwa na Nunow mwenyewe. Alimkuta amekaa mbele ya kibanda akisuka mkeka. Akamweleza kila kitu, kioo, doa, Awil, na akamwambia amekuja kuomba ruhusa ya kumtaja mwanawe. Raho aliendelea kusuka mpaka kaka yake alipomaliza kusema.

"Sema, walaal," akamjibu. Ndugu yangu, sema. "Sema hata leo."

Nunow alishtuka. Alimwuliza kama amesikia vizuri, kama anataka Keinan auawe.

"Hawataweza," alisema Raho. "Amekwisha kufa."

Alikuwa amekufa kabla ya mvua, kabla hata ofisa hajafika shuleni kwetu. Wachungaji waliotoka upande wa Ijara walimletea mama yake habari kwa siri: risasi ya tumbo, na wenzake wakamzika karibu na kisima. Hakumwambia mtu. Mama anayemlilia shifta anajitaja mwenyewe, na mbuzi wa jirani zake wote wanachukuliwa pamoja na wake. Kwa hiyo alilia ndani ya mtandio akiung'ata, na asubuhi akatoka kuteka maji pamoja na wanawake wengine akicheka walipocheka. Hata kaka yake hakumtumia neno. "Wewe huwezi kuficha uso wako, walaal," alimwambia. "Wangekuona ukilia wakajua."

Waswahili husema mficha maradhi kilio humwumbua. Waliotunga msemo huo hawakuwahi kuishi penye vita vile, ambapo watu walijifunza kuficha hata kilio.

Nunow alirudi akikimbia. Namwona bado akiingia langoni, mzee mzima, viatu mkononi, na usoni ana kitu ambacho nisingependa kukiona tena kwa binadamu. Ilikuwa furaha. Mwana wa dada yake yuko kaburini, mtoto aliyemlea kwa mikono yake, naye anafurahi kwa sababu sasa ulimi wake umefunguka.

"Keinan nakufa, Mwalimu!" alisema akihema. "Alhamdulillahi, Keinan nakufa zamani. Leta kioo!" Kisha akasikia alichosema, akakaa chini palepale mchangani, nikamwinua.

Tulikwenda na kioo kimefungwa kwenye leso yangu. Nunow alitaka tubebe na taa, lakini ofisa alisema haina haja. Alikiinua kioo dirishani. Nunow akamwonyesha doa jeupe, akamwonyesha upande wa kweli na upande wa uongo, akamwambia ni yeye aliyefanya hivyo kwa makusudi na kwamba Gurey ni Keinan, na Keinan amekufa. Ofisa alikigeuza kioo mara upande huu, mara upande ule.

"Kumbe ni rahisi hivyo," alisema.

Kisha akakirudisha mezani, akavuta sweta shingoni.

"Na yule mwingine pia amekufa. Juzi. Tulikuwa tunawahamisha mahabusu, akaruka kutoka kwenye lori. Ndivyo nilivyoandikiwa."

Mimi ndiye niliyeuliza mwili uko wapi. Akasema walimzika kandokando ya barabara, kulikuwa na hatari ya kusimama sana, na hakuna alama iliyowekwa. Dereva aliyekuwa zamu alikuwa amehamishiwa mbali. Kwa vyovyote, alisema, shauri la Gurey limefungwa pande zote mbili.

Nunow alinyoosha mikono yake mbele, viganja juu.

"Mimi nakamatwa?"

"Kwa nini, mzee? Nenda nyumbani ukapumzike."

Hakuondoka. Alisimama hivyohivyo, mikono mbele, akisubiri pingu, mpaka askari wa mlangoni akamshika bega na kumtoa nje. Sijawahi kumwona mtu akililia adhabu kama yeye siku ile, na hakupewa.

Nilitegemea atakwenda kujifungia stoo. Akaniambia twende kwa Jawahir, kwa kuwa si vema mwanamume kuingia peke yake kwa mke wa mtu. Alisema mke wa mtu, hakusema mjane.

Jawahir alikuwa barazani akipangusa cherehani. Alipotuona wawili alitabasamu, akaanza kutafuta kigoda. Nunow alimwambia asitafute. Alisimama juani akamwambia yote, kuanzia mwisho: kwamba Awil amekufa, kisha nani alimfanya afe, kisha vipi. Alisema kwa Kiswahili, na naye akamjibu kwa Kiswahili. Labda walitaka nami nisikie, labda lugha yao wenyewe ingewaumiza zaidi.

Hakupiga yowe. Alishika gurudumu la cherehani lisizunguke.

"Keinan ndiyo natuma wewe?" aliuliza.

"Hapana. Keinan nakufa mbele ya hiyo siku."

"Mbele?"

"Mbele. Mimi sijui. Raho naficha."

"Basi Awil nakufa kwa sababu ya maiti."

Jawahir alitazama barabarani, walikopita wanawake wenye kuni na punda mmoja.

"Keinan nazikwa wabi?"

"Ijara. Karibu na kisima."

"Raho najua?"

"Yeye najua."

"Na Awil?"

Nunow alinigeukia mimi, mwalimu wa jiografia, kana kwamba nina ramani ya jambo hilo. Nikasema ni barabarani. Jawahir akauliza barabarani wapi, upande gani, karibu na nini. Nikasema hatujui.

"Raho nabata kaburi," alisema. "Siku moja vita itakwisha, yeye naenda, nakaa bale, nasoma dua. Mimi naenda wabi, adeer?"

Aliingia ndani akafunga mlango, na maziwa hayakuja tena. Vita vilipokwisha mwaka uliofuata alikwenda Mandera kwa ndugu zake na cherehani juu ya lori. Nunow akaanza kwenda barabarani. Kila lori la serikali lililosimama Garissa alilifuata, akamwuliza dereva kama aliwahi kusikia mahali alipozikwa fundi wa nguo, kijana mrefu, kandokando ya njia. Wengine walimcheka, wengine walimpa shilingi wakidhani anaomba. Alizeeka akiuliza, mpaka akawa anawauliza madereva waliokuwa watoto wachanga mwaka ule, na hakuna aliyejua. Yeye tulimzika nyuma ya msikiti, mbele ya watu wengi, na kaburi lake kila mtu analijua.